Nani Aliyewaonyesha Njia Lewis na Clark?

Msomaji wetu, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, ameuliza hivi: "Vitabu tulivyonavyo vinasema kwamba Meriwether Lewis na William Clark walivuka nchi isiyojulikana ya magharibi mwa Amerika Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806, wakafika Bahari ya Pasifiki na kurudi salama. Wanafunzi wangu wamesikia kwamba msichana mwenyeji aitwaye Sacagawea ndiye aliyewaongoza njia yote. Je, ni kweli? Na kama si yeye, nani aliyewaonyesha njia?"

Mwalimu, Sacagawea hakuwaongoza njia yote, wala hakuna mtu mmoja aliyefanya hivyo. Msafara ule ulipokezanwa kutoka taifa moja la wenyeji hadi jingine, kila taifa likitoa maarifa ya nchi yake, chakula chake, farasi wake na mara nyingi vijana wake wa kutangulia mbele. Makapteni wawili walistahili sifa waliyopewa kwa nidhamu, ujasiri na uandishi wao wa kila siku, lakini sifa yao kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba walijua kuuliza na kusikiliza. Kila walipoacha kusikiliza, walipata taabu, na taabu hizo zimeandikwa kwa mikono yao wenyewe.

Tuanze na kile kilichokuwa hakijulikani, na hakikujulikana kwa nani. Mwaka 1803 mchoraji ramani Nicholas King aliandaa ramani ya magharibi iliyokusanya habari zote zilizokuwa mikononi mwa serikali ya Marekani. Upande wa mashariki ilionyesha vijiji vya Wamandan kwenye Mto Missouri, ambavyo mpimaji David Thompson alikuwa amevifikia kutoka Kanada miaka michache nyuma. Upande wa magharibi ilionyesha mlango wa Mto Columbia, ambao nahodha Mmarekani Robert Gray aliuingia Mei 1792, na ambao watu wa George Vancouver wa Uingereza waliupima mwaka huo huo. Kati ya alama hizo mbili karatasi ilikuwa karibu tupu. Watu walioishi ndani ya sehemu hiyo tupu, hata hivyo, walikuwa na masoko, njia za biashara zilizopita milimani, mbuga za uwindaji zilizogombaniwa, pamoja na urafiki na uadui wa miaka mingi, na hakuna mto wala genge katika nchi yao ambalo halikuwa na jina.

Rais Thomas Jefferson alikuwa na dhana moja iliyobeba mpango wote. Alikuwa amesoma habari za Alexander Mackenzie, mfanyabiashara wa ngozi aliyevuka Kanada na kufika Pasifiki Julai 1793, ambaye alipovuka mgongo wa bara alikuta kwamba nchi kavu iliyotenganisha maji ya upande mmoja na ya upande wa pili ilikuwa na urefu wa hatua 817 tu. Jefferson alitarajia jambo la namna hiyo upande wa kusini: Missouri ingepandwa hadi chanzo chake, mizigo ingebebwa mabegani kwa muda mfupi, kisha mitumbwi ingeshushwa katika kijito cha Columbia na kuteleza hadi baharini. Maagizo yake kwa Lewis, ya tarehe 20 Juni 1803, yanasema wazi kwamba lengo ni kutafuta njia ya maji inayovuka bara kwa ajili ya biashara. Alikuwa ameliomba Bunge dola 2,500, lakini mwishowe gharama ilizidi dola 38,000. Katikati ya maandalizi hayo Marekani iliinunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi mwa Mto Mississippi, kutoka kwa Ufaransa kwa dola milioni 15, kwa mkataba wa tarehe 30 Aprili 1803, na hivyo msafara uliokuwa upite katika nchi ya kigeni ukawa, kwa macho ya Washington, unapita katika milki mpya ya taifa. Wenyeji wa nchi hiyo hawakuulizwa neno.

Lewis, aliyekuwa katibu wa Jefferson, alipelekwa Philadelphia kujifunza kwa wataalamu: tiba kwa Benjamin Rush, mimea kwa Benjamin Smith Barton, na kupima mahali kwa nyota kwa Robert Patterson. Akamwalika Clark, askari mwenzake wa zamani, washike uongozi pamoja. Tarehe 14 Mei 1804 waliondoka kambi ya Mto Dubois, karibu na St. Louis, wakiwa na watu zaidi ya 40, mashua kubwa ya futi 55 na mashua mbili ndogo, wakaanza kuipanda Missouri kwa makasia, kwa upondo, na mara nyingi kwa kamba zilizovutwa na watu waliokuwa wakitembea ukingoni.

Hata sehemu hiyo ya kwanza haikuwa ya kubuni njia. Wafanyabiashara wa Kifaransa wa St. Louis walikuwa wameupanda mto huo kwa miaka, na makapteni walibeba ramani za James Mackay na John Evans zilizofika hadi kwa Wamandan. Waliajiri mabaharia wa mtoni waliokulia katika biashara hiyo, miongoni mwao Pierre Cruzatte na François Labiche, ambao mama zao walikuwa wenyeji. Mtu mmoja tu alifariki katika safari nzima, Sajini Charles Floyd, tarehe 20 Agosti 1804, na madaktari wa leo wanadhani ni kidole tumbo kilichopasuka, ugonjwa ambao daktari yeyote wa wakati ule asingeweza kuutibu.

Mkasa wa hatari ulitokea mwezi Septemba, katika nchi ya Walakota. Walakota walikuwa wameishika njia ya mto, na kila mfanyabiashara aliyepanda na bidhaa alitakiwa awape sehemu yake kabla ya kuruhusiwa kupita. Msomaji anayejua habari za misafara ya kwetu iliyopita Ugogo katika karne hiyo hiyo ataitambua desturi hiyo mara moja, maana ni hongo ile ile, yaani ushuru wa kupita. Makapteni waliiona kuwa unyang'anyi. Tarehe 25 Septemba vijana wa Kilakota waliishika kamba ya mashua, Clark akachomoa upanga, bunduki zikaelekezwa, pinde zikavutwa, na kilichozuia umwagaji wa damu ni mzee Black Buffalo aliyeichukua kamba mkononi mwake na kuwaamuru vijana waondoke. Siku tatu baadaye msafara ulitoa tumbaku na kupita. Wangekuwa na mkalimani mzuri wa Kilakota, naamini jambo hilo lingekwisha siku ya kwanza.

Mwishoni mwa Oktoba walifika kwenye vijiji vitano vya Wamandan na Wahidatsa, katika jimbo la leo la North Dakota. Hapa ndipo ninapomwomba mwalimu akae na wanafunzi wake kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu majira yale ya baridi ndiyo yaliyoiwezesha safari iliyofuata. Vijiji hivyo vilikuwa na watu elfu kadhaa, wengi kuliko wakazi wa St. Louis wa wakati huo, na vilikuwa soko kuu la nyanda za kaskazini: mahindi na maharage ya wenyeji yalibadilishwa kwa farasi, ngozi, bunduki na nguo zilizotoka pande zote. Chifu Sheheke wa Wamandan aliwaahidi kwamba watu wake wakila, wageni nao watakula. Msafara ulijenga ngome ndogo, Fort Mandan, ukakaa hapo hadi Aprili katika baridi iliyoshuka mpaka nyuzi 40 na zaidi chini ya sifuri.

Bidhaa za kubadilishana zilipoanza kupungua, chakula kilipatikana kwa kazi ya mikono. John Shields, mhunzi wa msafara, alifua mashoka ya vita kwa mtindo walioutaka Wahidatsa na Wamandan, na jiko la chuma lililokwisha kuungua lilikatwa vipande vidogo vidogo vilivyobadilishwa kwa mahindi. Lewis mwenyewe aliandika mwezi Februari 1805 kwamba ingekuwa vigumu kubuni njia nyingine ya kupata mahindi. Mwaka uliofuata, wakiwa ng'ambo ya Milima ya Rocky, walikuta mashoka yaliyofuliwa Fort Mandan yamewatangulia kwa njia za biashara za wenyeji. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba nchi iliyodhaniwa kuwa tupu ilikuwa imefumwa kwa njia kutoka mwisho hadi mwisho.

Pamoja na mahindi, walikusanya maarifa. Wahidatsa walikuwa wakienda kwa farasi mpaka milimani kupigana na Washoshone, kwa hiyo waliijua Missouri ya juu mto kwa mto. Makapteni waliwahoji mmoja mmoja, wakalinganisha majibu, na Clark akachora ramani ya nchi ambayo macho yake yalikuwa bado hayajaiona. Wahidatsa waliwaambia kwamba wangekutana na maporomoko makubwa, na kwamba karibu na chanzo cha mto wangekutana na Washoshone wenye farasi wengi. Hapo makapteni walitambua kwamba bila farasi hao wasingeweza kuvuka milima, na kwamba bila mtu wa kuzungumza Kishoshone wasingeweza kuwapata.

Hiyo ndiyo sababu ya Sacagawea kuingia katika habari hii. Alikuwa Mshoshone aliyetekwa na Wahidatsa yapata mwaka 1800, akiwa bado mtoto, na sasa, akiwa na umri wa miaka 16 au 17, alikuwa mke wa Toussaint Charbonneau, mfanyabiashara wa Kanada mwenye asili ya Kifaransa. Aliyeajiriwa ni mume, lakini aliyehitajiwa ni mke. Tarehe 11 Februari 1805 alijifungua mtoto wa kiume, Jean Baptiste, na tarehe 7 Aprili aliondoka na msafara akiwa amembeba mgongoni. Walikuwa watu 33 katika mitumbwi sita na mashua mbili, huku mashua kubwa ikirudishwa St. Louis na vielelezo vya mimea na wanyama.

Mapema mwezi Juni walifika mahali ambapo mto uligawanyika mara mbili, mikono yote miwili ikiwa mikubwa, na wakashindwa kujua Missouri ya kweli ni upi. Karibu watu wote, pamoja na Cruzatte aliyekuwa fundi wa mito, waliamini ni mkono wa kaskazini, kwa kuwa ulikuwa na tope kama mto waliokuwa wakiupanda tangu mwanzo. Makapteni walichagua wa kusini. Hoja yao ilitokana na maneno ya Wahidatsa pamoja na akili yao wenyewe: mto unaotoka milimani hauna budi kuwa na maji safi, na njia sahihi lazima ifike kwenye maporomoko. Lewis alitangulia kwa miguu, na tarehe 13 Juni akasikia mngurumo na kuona mvuke wa maji ukipanda. Wahidatsa walikuwa wamemtajia hata kiota cha tai kilichokuwa juu ya mti katika kisiwa cha maporomoko hayo, na kiota alikikuta. Walichokosea ni muda wa kuyazunguka, ambao walikuwa wameukadiria kuwa mfupi sana. Kuvusha mitumbwi na mizigo kwa nchi kavu kilomita 29, miguu ikichomwa na miiba ya mipungate, kulikuwa sehemu ya kazi zilizowaweka katika eneo lile karibu mwezi mzima.

Tarehe 8 Agosti, Sacagawea aliutambua mwamba ambao watu wake waliufananisha na kichwa cha biva, mnyama wa majini, akasema kwamba watu wake hawako mbali. Hapo kweli aliwasaidia kujua walipo, na faraja hiyo ilikuja wakati msafara ulikuwa umeanza kukata tamaa. Siku nne baadaye Lewis, akiwa ametangulia na watu watatu, alipanda hadi kwenye mgongo wa bara, mahali paitwapo leo Lemhi Pass. Ikiwa dhana ya Jefferson ilikuwa sahihi, angeona bonde na mto mpana ukishuka magharibi. Aliona safu juu ya safu za milima mirefu, vilele vikiwa na theluji katikati ya mwezi Agosti. Dhana iliyoanzisha safari nzima ilikwisha pale pale.

Kilichowaokoa baada ya hapo ni chifu wa Washoshone, Cameahwait. Alichora mito ardhini mbele ya Lewis, akarundika mchanga pande zote mbili kuonyesha milima inayoubana mto, akaeleza kwamba mto ule, uitwao leo Salmon, haupitiki kwa mtumbwi wala kwa farasi. Clark alikwenda kuhakikisha, akarudi na habari ile ile. Cameahwait alieleza pia kwamba upande wa kaskazini kulikuwa na njia mbaya yenye njaa, ambayo watu wa ng'ambo waliitumia kila walipokuja kuwinda nyati katika nyanda. Lewis akafikiri hivi: ikiwa watu wale wanavuka na wake zao na watoto wao, basi na sisi tutavuka. Hesabu hiyo ilikuwa ya busara kuliko yote aliyowahi kufanya, kwa sababu iliweka imani yake katika uzoefu wa watu badala ya mistari ya ramani.

Tarehe 17 Agosti, Clark alipowasili na wengine, Sacagawea aliketi ili atafsiri maneno ya mkutano, na alipomtazama chifu akamtambua kuwa ni kaka yake. Alimkimbilia na kumfunika kwa blanketi lake huku akilia. Mazungumzo yalipita katika mlolongo: Sacagawea aliyatoa maneno ya Kishoshone katika Kihidatsa, Charbonneau akayatia katika Kifaransa, na Labiche akayafikisha kwa makapteni kwa Kiingereza. Kwa njia hiyo msafara ulinunua farasi 29. Mwanafunzi akiuliza mchango mkubwa wa Sacagawea ni upi, mjibu kwamba ni huo wa ukalimani, pamoja na kuwapo kwake tu, maana Clark aliandika baadaye kwamba wenyeji walipomwona mwanamke kati ya wanaume wageni waliamini kuwa hawakuja kwa vita.

Kirangozi wa kuvuka milima alikuwa mzee wa Kishoshone ambaye makapteni walimwita Toby, na jina lake linastahili kufahamika kuliko lilivyo. Aliwapeleka kaskazini, ambako Septemba 4 walikutana na Wasalish waliowauzia farasi zaidi, kisha tarehe 11 akawaingiza katika njia ya Lolo, inayopita juu ya migongo ya Milima ya Bitterroot. Theluji ilianguka tarehe 16, njia ikafunikwa, na hata Toby, ambaye nchi hii haikuwa yake, aliwahi kuikosa njia. Wawindaji hawakupata kitu. Walikula wana-farasi wao na supu ya makopo, na farasi kadhaa waliporomoka magengeni na mizigo. Safari hiyo ilichukua siku 11, na Lewis alipotoka upande wa pili, tarehe 22 Septemba, watu wake walikuwa wamedhoofika kwa njaa na upele.

Waliingia katika nchi ya Wanimiipuu, ambao Wafaransa waliwaita Nez Perce. Kwa muda wa siku kadhaa msafara ulikuwa umelala chini, wagonjwa kwa kula samaki wakavu na mizizi ya mmea uitwao camas kwa pupa baada ya njaa, na bunduki zao, ambazo zilikuwa utajiri mkubwa kuliko wowote katika nchi ile, zilikuwa mikononi mwa watu wasioweza kusimama. Masimulizi ya Wanimiipuu wenyewe yanasema kwamba palikuwa na shauri la kuwaua, na kwamba bibi mmoja aitwaye Watkuweis, aliyewahi kutekwa na kutendewa wema na Wazungu huko mashariki, aliwakataza watu wake wasiwadhuru. Walichoandika makapteni ni kwamba walilishwa. Mzee waliyemwita Twisted Hair aliwachorea mito ya magharibi juu ya ngozi nyeupe ya kulungu, watu wake wakawafundisha kutoboa magogo kwa moto ili wapate mitumbwi mitano, na farasi 38 wa msafara wakaachwa katika ulinzi wao. Wazee wawili, Twisted Hair na Tetoharsky, wakapanda mitumbwini kuwatangulia kwa watu wa Columbia. Toby na mwanawe walirudi kwao siku mbili baada ya safari ya mtoni kuanza, bila kungojea ujira.

Kuhusu pwani sitasema mengi. Walifika Novemba 1805 na kukuta kwamba Wachinook na majirani zao wamezoea merikebu za biashara, wana makoti ya mabaharia na hata matusi ya Kiingereza. Ushanga wa buluu ndio uliokuwa fedha ya mto ule, na wa msafara ulikuwa umekwisha; ili kununua vazi zuri la ngozi, makapteni walitoa mkanda wa ushanga wa Sacagawea, wakampa koti la kitambaa cha buluu badala yake. Tarehe 24 Novemba kila mtu aliulizwa maoni yake kuhusu mahali pa kupiga kambi, pamoja na Sacagawea na York, mtumwa wa Clark. Walikaa Fort Clatsop hadi tarehe 23 Machi 1806 katika mvua isiyokatika, na kabla ya kuondoka waliiba mtumbwi wa Waclatsop, majirani waliokuwa wamewauzia chakula majira yote. Hilo ni doa katika habari yao, na watunzi wengi wa vitabu vya shule wameliruka.

Sasa nifike kwenye sehemu inayojibu swali lako vizuri kuliko zote. Mwezi Mei 1806 msafara ulikuwa umerudi kwa Wanimiipuu, umepokea farasi wake, na ulikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Wenyeji waliwaambia kwamba theluji ya milimani bado ni nyingi na kwamba wangoje. Makapteni hawakuvumilia. Katikati ya Juni walipanda wenyewe, bila kirangozi, wakitegemea kwamba njia ile walikwisha kuipita mara moja. Tarehe 17 walijikuta juu ya theluji yenye kina cha futi 12 hadi 15, miti yenye alama za njia ikiwa imefunikwa, majani ya kulisha farasi hakuna. Drouillard, mwindaji wao hodari, naye hakuwa na hakika ya njia. Waliacha mizigo juu ya majukwaa ya miti, wakarudi nyuma, na Lewis akaandika kwa uchungu kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika safari nzima kulazimika kufanya hivyo.

Wakawatuma watu wawili kwenda kutafuta virangozi, wakapatikana vijana watatu wa Kinimiipuu kwa ujira wa bunduki mbili. Tarehe 24 Juni walianza upya, na tarehe 30 walikuwa upande wa pili. Ni siku sita, juu ya theluji, wakiwa na farasi zaidi ya 60, katika njia ambayo mwaka uliotangulia iliwachukua siku 11 na karibu iwaue. Vijana wale walijua migongo ipi hupata jua mapema, na kila jioni waliwafikisha mahali ambapo theluji imeyeyuka na majani yapo. Lewis alikiri katika daftari lake kwamba, bila virangozi hao, alitilia shaka kama watu waliokwisha kuipita njia ile wangeweza kuifuata tena.

Kuna jambo jingine la namna hiyo. Mwaka 1805, kutoka kwenye maporomoko ya Missouri hadi kwenye mwanzo wa njia ya Lolo, msafara ulikuwa umetumia karibu miezi miwili, kwa sababu maagizo ya Jefferson yaliwataka waufuate mto hadi chanzo chake. Toby alikuwa amewaambia mwaka huo kwamba kuna njia ya mkato ya siku chache. Julai 1806 Lewis aliifuata njia hiyo ya Wanimiipuu ya kwendea kwenye nyati, akafika kwenye nyanda za maporomoko kwa muda wa wiki moja hivi. Clark alipitia kusini, na ni katika safari hiyo Sacagawea alifanya kazi ya kirangozi kwa maana kamili: alimwonyesha pengo la milima, liitwalo leo Bozeman Pass, lililomfikisha Mto Yellowstone, na Clark aliandika kwamba amekuwa wa msaada mkubwa katika kuonyesha njia ya nchi ile. Wakati huo huo Lewis, akiwa na watu watatu tu na bila mkalimani, alikutana na vijana wanane wa Kipiegan, akawaeleza mipango ya amani na biashara iliyowahusisha adui zao, na kesho yake alfajiri, tarehe 27 Julai, vijana hao walipojaribu kuchukua bunduki na farasi, wawili kati yao waliuawa. Ndiyo damu pekee iliyomwagika kwa silaha kati ya msafara na wenyeji.

Basi dhana ya kwamba Sacagawea aliongoza njia yote ilitoka wapi? Haikutoka katika madaftari ya safari. Ilikua mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wamarekani walipokuwa wakiadhimisha miaka 100 ya msafara, na wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walipomtafuta mwanamke wa kuheshimiwa katika historia ya taifa. Sanamu yake ilizinduliwa Portland mwaka 1905. Ninaelewa kiu yao, na ninaamini Sacagawea anastahili sanamu, lakini sifa aliyozuliwa imeficha kazi aliyoifanya kweli, na imewafunika Cameahwait, Toby, Twisted Hair na wale vijana watatu.

Malipo nayo yafundishwe. Msafara uliporudi St. Louis tarehe 23 Septemba 1806, askari walipewa mshahara maradufu na kila mmoja ekari 320 za ardhi. Charbonneau alilipwa dola 500 na senti kadhaa. Sacagawea hakulipwa kitu. York, aliyebeba bunduki, akawinda, akavuta kamba na kutoa maoni yake pwani kama wengine, alirudi kuwa mtumwa, na Clark alimkatalia uhuru alipouomba, kama barua zake kwa ndugu yake zinavyoonyesha. Ramani ya Clark, iliyochapishwa mwaka 1814, iliweka magharibi yote mbele ya macho ya dunia, ikiwa imejengwa kwa sehemu kubwa na michoro ya mchanga na ngozi ya watu ambao mnamo mwaka huo walikuwa bado ndio wenye nchi. Mwaka 1877 Wanimiipuu, wakilikimbia jeshi la Marekani, walipita katika njia ile ile ya Lolo wakiwa na wazee na watoto wao.

Kwa darasa lako, mwalimu, nakushauri uandike ubaoni safari tatu za njia ya Lolo: Septemba 1805 chini ya Toby, katikati ya Juni 1806 bila kirangozi, na mwisho wa Juni 1806 chini ya vijana watatu. Wape wanafunzi tarehe, hali ya theluji na idadi ya siku, kisha waulize nini kilibadilika kati ya safari ya pili na ya tatu, ikiwa watu walikuwa wale wale, farasi wale wale, na siku zilizopita kati ya tarehe 17 na 24 zilikuwa saba tu.